Shajara ya mradi: mwaka wa mwisho wa shahada ya maendeleo ya jamii na vijana

6 Novemba 2022: Nilipofika

Naandika nikiwa Tanga. Nina miaka 34, watoto wawili, na kazi ya mkataba kwenye asasi ndogo inayoshughulika na vijana. Kazi nilikuwa naijua kwa kuifanya, lakini kila nafasi ya kupanda ilipotokea niliulizwa shahada iko wapi. Oktoba 2020 nikajiandikisha kusoma kwa masafa. Leo nimeingia mwaka wa mwisho, na mwaka huu una jambo moja kubwa: mradi wa fildi, yaani kazi ya kwenda kwa watu wenyewe, na ripoti yake. Naweka shajara hii kwa ajili ya atakayekuja nyuma yangu, hasa mama mwenye kazi na watoto anayejiuliza kama ataweza.

Miaka miwili iliyopita naipita haraka. Nilisoma kuanzia saa tatu usiku watoto wakishalala, ada nikalipa kwa awamu, maktaba nikaenda Jumamosi. Nilipata sapu (mtihani wa marudio) moja tu, ya takwimu. Kosa langu lilikuwa kusoma takwimu peke yangu kwa kukariri. Nilimtafuta mwalimu wa hesabu wa sekondari ya jirani, tukakaa mara nane kwa 5,000 kila mara, nikafaulu. Kama takwimu zinakutisha, ile 40,000 itoe mapema kabla ya mtihani wa kwanza.

Wazo langu la mradi: kuwafundisha vijana 30 wa mtaa mmoja kutengeneza sabuni ya maji, waunde kikundi, waombe mkopo wa halmashauri. Andiko nimelituma leo.

27 Novemba 2022: Andiko limerudi

Limerudi limejaa wino mwekundu. Niliandika kwamba kijana ni mtu wa miaka 15 hadi 24, kwa sababu ndivyo Umoja wa Mataifa unavyohesabu. Msimamizi akaandika pembeni: "Umewaacha nje nusu ya watu wako." Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inasema miaka 15 hadi 35, na Mkataba wa Vijana wa Afrika wa 2006 unasema hivyohivyo.

Nikadhani ni suala la kubadilisha tarakimu. Jioni nikapita kwenye kijiwe cha bodaboda ninapopandia kila siku, nikawauliza umri mmoja mmoja. Madereva ni 18. Waliovuka miaka 24 walikuwa 11. Kwa andiko langu la kwanza, watu 11 kati ya 18 wasingekuwepo, na ndio wenye wake, watoto na kodi ya nyumba. Nimerekebisha. Anayeandika andiko aanze na sera ya nchi yake kabla ya vitabu vya nje.

19 Januari 2023: Vibali

Siku 23 zimekwenda kwenye barua. Ya chuo niliipeleka moja kwa moja kwa Mkurugenzi wa Jiji. Masjala wakaniambia ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani, ndipo ifike kwa Mkurugenzi, kisha kwa mtendaji wa kata na mtendaji wa mtaa. Barua ikarudi chuoni kuandikwa upya. Nauli, kuchapa na kutoa nakala: 31,500.

Suluhisho ni dogo na linaniuma nikilifikiria. Kabla chuo hakijaandika barua, nenda masjala ya ofisi ya kwanza uulize iandikwe kwa nani na ipite wapi. Chukua nakala tano, weka namba yako ya simu juu, na kila ofisi upigiwe muhuri kwenye nakala yako.

18 Februari 2023: Mkutano wa kwanza umeshindikana

Nilialika vijana 30 kwa barua ya mtendaji, ofisi ya kata, saa tatu asubuhi. Walikuja tisa. Wanne walitumwa na wazazi wao, wawili walikuwa na miaka zaidi ya 40. Kabla sijafungua daftari, mmoja akauliza kwa upole kabisa: "Dada, posho ipo?" Nikamwambia kuna soda na andazi. Akakaa kwa heshima, lakini nilimwona ameshaondoka moyoni.

Nikasoma dodoso. Nikaeleza habari ya sabuni. Binti mmoja, msusi, akanyoosha mkono: "Sabuni tumeshafundishwa mara tatu, dada. Ndoo zile bado zipo nyumbani." Wenzake wakatikisa vichwa. Sikuwa na jibu. Gharama ya asubuhi ile: 48,000.

Usiku nikatoa kitini cha mwaka wa pili. Mwaka 1992, katika andiko alilolifanyia UNICEF, Roger Hart alichora ngazi ya ushiriki wa watoto na vijana yenye vidato 8. Vidato vitatu vya chini alisema si ushiriki hata kidogo: kijana anatumiwa, au anakuwa pambo, au anawekwa kwa jina tu. Ngazi hiyo niliijibia mtihani nikapata alama A. Sasa nimeufanya mkutano ambao vijana walikuwa pambo, nami ndiye niliyeupamba nao. Wazo la sabuni lilikuwa langu, saa ilikuwa yangu, jengo lilikuwa la serikali. Wao waliletewa kiti tu.

Kesho yake nikamuuliza dereva anayenibeba kwa nini hawakuja. Akanipigia hesabu palepale. Pikipiki ni ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu ya 8,000 kwa mwenye chombo, mafuta juu yake, chakula juu yake. Alfajiri anapeleka abiria stendi ya Kange kuwahi mabasi, asubuhi wanafunzi na watu wa kazini, na mpaka saa nne bado anaitafuta hesabu. Nilikuwa namwomba aache hela ya watoto wake aje kunisikiliza habari ya sabuni.

12 Machi 2023: Nimehamia kijiweni

Wiki mbili hizi sijabeba karatasi. Nakwenda kijiweni chini ya mti wa mkungu kuanzia saa tano mpaka saa saba, wakati abiria wamepungua. Nanunua kahawa na kashata kama wengine, nasikiliza. Kahawa kwa wiki mbili, yangu na ya niliowakaribisha: 26,000. Ndiyo fedha iliyonirudishia mengi kuliko zote nilizotoa.

Kisha nikaomba wanichoree ramani ya mtaa. Hapa nikakosea tena. Nilileta manila na kalamu za rangi za 12,000. Kalamu ikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne, na wote wakanyamaza wakimwangalia yeye. Aliandika vizuri, kwa mistari iliyonyooka, na ramani ikawa yake peke yake.

Siku ya pili nikaacha manila nyumbani. Nikaokota kijiti, nikachora mstari mmoja mchangani, nikasema hii ndiyo barabara kuu, mengine siyajui. Nikakiweka kijiti chini. Robert Chambers, aliyeeneza mbinu shirikishi vijijini, alisisitiza sana mtaalamu akabidhi kijiti, nami nilikuwa nikidhani ni usemi tu. Mwenyekiti wa kijiwe akakiokota. Mwingine akasema, "Si hapo, msikiti uko huku," akaweka jiwe. Vizibo vya soda vikawa nyumba, kifuu kikawa kisima, jani la mkungu likawa soko. Kijana ambaye kwa wiki mbili sijamsikia sauti alichuchumaa, akachukua vizibo vinne vilivyopinduliwa, akaviweka kimoja kimoja kwenye njia zote nne za kutokea mtaani. Nikamuuliza ni nini. "Trafiki."

Hapo ndipo mradi ulipozaliwa. Katika madereva 18, wenye leseni walikuwa watatu. Faini ya bodaboda ni 10,000 tangu ilipoteremshwa kutoka 30,000 mwaka 2021, na siku ukikamatwa, hesabu ya siku imekwenda na zaidi. Kwa hiyo wanapita vichochoroni, wanakataa abiria wa mjini, wanafunga kazi mapema. Tulijumlisha pamoja mchangani: mmoja wao alikuwa amelipa faini sita tangu mwaka uanze. Mafunzo na leseni, kwa bei walizoziulizia wenyewe, vilifika kama 150,000 kwa mtu. Wanazijua bei hizo muda mrefu, ila fedha hiyo haijawahi kukaa mfukoni mwa mtu mmoja kwa mkupuo.

Jambo moja lilinisumbua: nilipowaita wasichana kijiweni siku moja, waliketi pembeni wakacheka na kunong'onezana, hakuna aliyegusa kijiti. Nimeliandika, nitalirudia.

26 Machi 2023: Ramadhani

Ratiba niliipanga Novemba bila kuangalia mwezi. Tanga! Mimi mwenyewe nafunga, na bado nikaweka mahojiano kumi na mawili katikati ya Ramadhani. Mchana kijiwe kimelala, alasiri wasichana wako jikoni kwa futari. Nimehamishia mahojiano ya madereva baada ya tarawehe, wachache wachache, na ya wasichana nimeyasogeza mpaka baada ya Idi. Muda uliobaki nanakili sauti nilizorekodi: saa moja ya mazungumzo inanichukua saa tano kuiandika. Hilo nalo lipangie.

16 Aprili 2023: Mikopo imesimamishwa

Sura ya tano ya andiko langu imeanguka. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilijenga mpango mzima juu ya zile 4 za vijana. Wiki hii Waziri Mkuu Kassim Majaliwa ametangaza bungeni kwamba utoaji unasimama mpaka utaratibu mpya upatikane.

Nilikwenda kijiweni nikiwa nimevunjika. Niliwaeleza ukweli, nikawaomba radhi kwa kuwapa matumaini. Mwenyekiti wa kijiwe akanitazama. "Dada, kwani sisi tuliuweka huo mkopo kwenye ramani?" Nikaangalia picha ya ramani kwenye simu. Hawakuuweka. Niliuweka mimi, kwenye andiko.

13 Mei 2023: Saluni

Wasichana nimewapata pale walipo: saluni ya yule msusi wa sabuni, mchana, vichwa viwili vinasukwa kwa wakati mmoja. Niliketi kwenye kigoda nikashika fundo la rasta, nikawa nachambua nyuzi na kumpitishia. Mikono ikiwa na kazi, maneno yanatoka. Tulikuwa saba.

Ramani walichora sakafuni. Chanuo likawa barabara kuu, vibanio vikawa nyumba. Binti wa miaka 19 akakata kipande kirefu cha rasta nyeusi, akakilaza kutoka barabarani mpaka nyumba za nyuma, akakikunja mara mbili. "Hapa hakuna taa." Hakuna aliyecheka. Msusi akaacha kusuka kabisa, chanuo dogo likabaki kwenye nywele za mteja. Wakaanza kusema, kwa zamu, usiku gani walikimbizwa na wapi. Mmoja anafunga kibanda chake cha chipsi saa moja kabla ya wenzake wa kiume, kila siku, kwa sababu ya kipande hicho cha njia. Nikauliza kwa nini asipande bodaboda. "Ya nani? Usiku wote wanafanana. Simjui, hana namba, hana chochote."

Sikuandika kitu pale. Nilitoka nikaandika njiani, nimesimama. Majina na usiku wenyewe sikuviweka kwenye ripoti, na wewe usiviweke kwenye yako. Nilipofika nyumbani nikawapigia wawili kuuliza kama wako salama kwa kunieleza. Na katika mkoba hakikisha una namba ya dawati la jinsia na watoto la polisi na ya afisa ustawi wa jamii kabla hujaketi kwenye mazungumzo kama haya. Mimi nilikuwa nazo kwa bahati ya kazi yangu, chuoni sikukumbushwa.

21 Mei 2023: Ramani mbili

Kwa ruhusa ya wasichana nilipeleka kijiweni jambo moja tu: kwamba usiku hawapandi kwa sababu madereva wote wanafanana. Kimya kilikuwa kirefu. Kisha wakaanza kupiga hesabu ya abiria wanaowapoteza. Wakakubaliana wawe na vizibao vya reflekta vyenye namba mgongoni, na orodha ya namba ibandikwe saluni, dukani na kwa mtendaji wa mtaa.

Wasichana walipoulizwa wakaongeza sharti, na ndilo lililoufunga mradi: namba apewe mwenye leseni tu, na anayelalamikiwa anyang'anywe. Madereva walibishana jioni mbili. Wakakubali.

Fedha wataitoa wenyewe kwa mchezo. Kila dereva 1,000 kwa siku, siku sita kwa wiki: 108,000. Inapofika 150,000 mtu mmoja anakwenda mafunzoni na kuchukua leseni. Zamu kwa kura. Tunaanza kesho. Ombi la taa nalo limeandikwa na wasichana wenyewe, likapelekwa kwenye mkutano wa mtaa liingie kwenye mipango ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, utaratibu wa wananchi kupanga vipaumbele vyao wenyewe.

9 Julai 2023: Mchezo umekwama

Mweka hazina aliweka fedha nyumbani. Mtoto wake akaugua usiku, akatumia 54,000. Hakumwambia mtu kwa siku nne. Ilipojulikana, wawili wakataka kumpiga, watano wakaacha kuchanga. Nilitamani kulipa ile 54,000 nimalize ugomvi, nilikuwa nayo. Nilimpigia msimamizi wangu saa mbili usiku. Akaniuliza swali moja: ukilipa, Septemba atalipa nani? Sikulipa.

Wakakaa wenyewe. Mweka hazina akakiri, akapangiwa kurudisha 18,000 kila wiki, na baada ya wiki tatu akamaliza. Nilichokifanya ni kuwaeleza jinsi VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana, vinavyotunza fedha: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na sanduku hufunguliwa mbele ya wote. Sanduku na kufuli nimenunua mimi, 38,000. Funguo moja wameipeleka kwa msusi. Wazo hilo halikuwa langu, na sijui kama ningelithubutu.

Muda wa kuchanga nao umebadilika. Asubuhi mtu hana kitu. Sasa ni saa moja jioni, kabla ya kupeleka hesabu kwa mwenye chombo.

20 Agosti 2023: Ripoti

Wiki 13 za mchezo. Kama hakuna aliyekosa, ingekuwa 1,404,000. Zimekusanywa 1,134,000. Leseni saba, 1,050,000. Vizibao saba kwa 9,000, pamoja na kuandika namba, 63,000. Sandukuni zimebaki 21,000.

Gharama zangu mimi: vibali 31,500, mkutano ulioshindikana 48,000, manila na kalamu 12,000, kahawa 26,000, nauli za fildi 54,000, sanduku 38,000, kuchapa ripoti nakala tatu na jalada 67,500. Jumla 277,000. Ningeanza kijiweni tangu siku ya kwanza, 60,000 zingebaki.

Lugha ndiyo iliyonitesa kuliko nilivyotegemea. Ripoti ni ya Kiingereza, fildi yote ni ya Kiswahili. Madereva hawasemi "nimejiajiri" hata siku moja, wanasema "nahangaika". Katika rasimu ya kwanza nilitafsiri kila "nahangaika" kwa neno la kujiajiri, kwa kuwa ndilo lililomo kwenye sera. Niliposoma tena niliona nimewavika suti ambayo si yao. Kujiajiri kuna mtaji na uamuzi. Kuhangaika kuna mtu anayezunguka tangu alfajiri akitafuta hesabu ya mwingine. Nilimwomba msimamizi niache neno la Kiswahili lilivyo na kulieleza kwa aya nzima. Alikubali, na kwenye utetezi wa ripoti aya hiyo ndiyo niliyoulizwa zaidi.

Kosa jingine: picha. Nilipiga picha ya ramani ya mchangani yenye nyuso nne, nikaomba ridhaa ya watatu. Wa nne akaiona kwenye rasimu, akaniambia mke wake wa zamani hajui alipo. Nimeitoa, nikaikata iwe ya mikono tu. Fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya kamera kutoka mkobani.

Matokeo nimeyarudisha kijiweni na saluni kwa kurasa mbili za Kiswahili, zikasomwa kwa sauti na mwenyekiti wa kijiwe. Wamesahihisha mahali pawili.

14 Julai 2024: Nyongeza

Nimeshahitimu. Nimerudi kuandika kwa kuwa walioisoma shajara hii wameniuliza kilichofuata.

Madereva wawili wamehama. Kati ya 16 waliobaki, 15 wana leseni na namba. Namba moja, 9, ilinyang'anywa Februari baada ya malalamiko ya saluni, na mwenyewe akarudishiwa Mei kwa kikao cha pande zote mbili. Binti wa chipsi sasa anafunga wakati uleule na wenzake. Taa bado haijawekwa; ombi liko kwenye mpango wa mtaa kwa mwaka wa pili, na wasichana wanalifuatilia kila mkutano.

Mikopo ya halmashauri imerejea mwaka huu. Safari hii wamenitafuta wao. Wanataka kusajili kikundi, waombe fedha ya kununua pikipiki mbili zisizo za mkataba. Jumamosi ijayo saa tano tunakaa chini ya mkungu kuandika katiba. Wasichana wamekwishatuma ujumbe kwamba kifungu cha namba kiwe cha kwanza.